Kifunga au Kifungwa? Historia ya Neno "Liganda" katika Kemia ya Boroni na Rodiamu

Wanaoshughulika na uundaji wa istilahi za sayansi kwa Kiswahili wamebishana kwa miaka mingi juu ya mahali pa kuyatoa maneno: je, tukope kutoka Kiingereza, tuchukue kutoka Kiarabu, au turejee kwenye mizizi ya Kibantu? Ubishi huo una haki yake. Lakini kuna suala jingine ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi, nalo huzungumzwa kwa nadra. Je, istilahi ieleze jinsi kitu kilivyo mbele ya macho ya mtaalamu, au ieleze sababu ambayo wataalamu wa wakati ule wanaitoa? Sura ya kitu hubadilika polepole. Sababu huweza kubadilika katika kizazi kimoja, na neno lililojengwa juu yake likabaki limesimama hewani.

Ili kulichunguza suala hilo ninakusudia kufuata historia ya neno moja tu, yaani liganda, tangu lilipobuniwa huko Ujerumani hadi siku hizi. Msomaji wa jarida la lugha asiogope kemia itakayotajwa. Nitaieleza kwa kadiri inavyohitajika. Historia yenyewe haikutukia Afrika ya Mashariki, wala sitajaribu kuivuta huku kwa nguvu. Itatuhusu mwishoni, tutakapotaka kulitia neno hili katika viambishi vyetu.

Tuanze na jambo lililokuwapo kabla ya neno. Mwaka 1893 Alfred Werner, aliyefundisha Zürich, alitoa hoja kwamba katika kampaundi nyingi za metali kuna atomu moja ya katikati, na kwamba atomu au molekuli nyingine huizunguka kwa idadi maalumu na kwa mpangilio maalumu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Jambo la ajabu kwa mwanaisimu ni kwamba nadharia hiyo ilienea ulimwenguni kote bila ya kuwa na neno moja la kuviita vile vitu vinavyoizunguka metali. Waandishi walizunguka kwa maelezo marefu, wakataja vikundi na molekuli zilizoongezwa, na kila mmoja alikuwa na mazoea yake.

Neno lilikuja kutoka kwa mtu ambaye hakuwa mwanafunzi wa Werner wala hakujishughulisha sana na metali. Alfred Stock alizaliwa Danzig mwaka 1876. Alisomea kemia Berlin, akakaa kwa muda Paris katika maabara ya Henri Moissan, na mwaka 1909 akapata uprofesa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Huko aliamua kuichunguza elementi iliyokuwa imepuuzwa, yaani boroni. Boroni ilikuwa imetengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1808 na Humphry Davy huko Uingereza, na katika mwaka huohuo na Gay-Lussac na Thénard huko Ufaransa. Jina lake lilitokana na boraksi, ile chumvi ya mafundi wa dhahabu, ambalo nalo asili yake ni Kiarabu buraq. Davy aliipa kwanza mwisho wa jina kama wa metali; baadaye, alipoona kwamba inafanana zaidi na kaboni, akaubadilisha mwisho huo ili jina lifanane na lile la kaboni. Twaona basi kwamba hata jina la elementi yenyewe lilisahihishwa mara nadharia ilipobadilika.

Stock alitaka kujua boroni huungana vipi na haidrojeni. Alitia asidi juu ya boridi ya magnesi, akapata gesi chache zenye harufu mbaya, ambazo nyingi huwaka au huharibika mara zinapogusana na hewa. Tena huyashambulia mafuta yanayolainisha vilango vya mabomba ya kioo. Mtu mwingine angeacha. Stock aliunda mtambo mzima wa kioo uliofungwa kabisa, usio na hewa ndani, ambamo vilango vilikuwa vya zebaki badala ya mafuta na pampu pia ilikuwa ya zebaki. Ndani ya mtambo huo alizitenga moja baada ya nyingine borani zenye boroni 2, 4, 5, 6 na 10. Kila mwanakemia anayefanya kazi na vitu visivyovumilia hewa ni mrithi wa mtambo huo.

Zebaki ilidai malipo yake. Kwa miaka mingi Stock aliumwa na kichwa, akapata kizunguzungu, na jambo lililomtisha zaidi mtu mwenye kuishi kwa kufundisha ni kwamba kumbukumbu ilimtoroka. Alisahau majina, alisahau namba alizokuwa amezisoma dakika iliyopita. Madaktari hawakutambua sababu. Hadi mwaka 1924 ndipo ilipobainika kwamba yeye na wenzake katika maabara walikuwa wakivuta mvuke wa zebaki uliotoka katika vyombo vyao wenyewe. Mwaka 1926 alichapisha onyo juu ya hatari hiyo, akayaeleza maradhi yake waziwazi bila ya kujionea haya, na sehemu kubwa ya miaka yake iliyobaki aliitumia kutafuta njia za kupima zebaki kidogo kabisa hewani na mwilini. Alifariki mwaka 1946. Naona uchungu kidogo kufikiri kwamba mtu aliyewapa wenziwe majina mengi kiasi hicho ndiye aliyepokonywa uwezo wa kukumbuka majina.

Kwa maana Stock alikuwa mpenda majina. Ni yeye aliyependekeza, mwaka 1919, ile desturi ya kuandika tarakimu ya Kirumi baada ya jina la metali ili kuonyesha hali yake, desturi ambayo wanafunzi wetu wa shule za sekondari wanaitumia hadi leo waandikapo chuma(III). Na mwishoni mwa mwaka 1916, baada ya kuhamia Berlin, alitoa mhadhara juu ya kemia ya silikoni, uliochapishwa mwaka 1917. Humo alihitaji neno la kuviita vitu vilivyoshikamana na atomu ya katikati, viwe haidrojeni, klorini au kinginecho. Akalichukua tendo la Kilatini ligare, yaani kufunga, akasema Ligand.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Kwa sura yake neno hili lafanana na ligandum, na sura hiyo katika Kilatini si ya mtendaji. Ina maana ya kitu cha kufungwa, kitu kinachopasa kufungwa. Kama Stock angetaka kusema kitu kinachofunga, Kilatini kilikuwa na sura nyingine, ligans, tayari kwa kazi hiyo. Sidai kwamba aliupima uchaguzi huo kwa mizani ya mwanasarufi. Walakini ukweli ni kwamba neno lake halisemi ni nani anayempa mwingine nini. Linasema tu kuwa kitu hiki kipo katika fungo. Tena alilitumia juu ya silikoni, ambayo si metali ya aina aliyoishughulikia Werner. Neno lilizaliwa likiwa pana.

Halikupokewa upesi. Vita vilikuwa vikiendelea, na hata baada ya vita lilibaki kwa muda mrefu katika maandishi ya Kijerumani na ya nchi za jirani. Mwanakemia wa Denmark, Jannik Bjerrum, alilitumia katika tasnifu yake ya mwaka 1941 iliyoandikwa kwa Kiingereza, juu ya jinsi amonia inavyoshikamana na metali ndani ya maji. Tasnifu hiyo ilisomwa sana baada ya Vita Vikuu vya Pili, na kwa njia hiyo neno likaingia katika Kiingereza na kutoka hapo likaenea kila mahali.

Lakini lilipoingia lilikuta nyumba ina mwenyeji. Katika mwaka uleule wa 1916, Gilbert Lewis wa California alikuwa ameeleza kwamba kifungo baina ya atomu mbili ni jozi ya elektroni wanayoshirikiana. Katika miaka ya 1920 Nevil Sidgwick wa Oxford aliitumia fikra hiyo kueleza kampaundi za Werner: molekuli ya amonia ina jozi ya elektroni isiyotumika, metali ina nafasi tupu, amonia hutoa, metali hupokea. Ufafanuzi huo ni mzuri na unafaa katika mifano mingi sana. Matokeo yake ni kwamba vitabu vya kufundishia vilianza kulifafanua neno la Stock kwa sababu ya Sidgwick. Liganda ikawa ni kile kinachompa metali jozi ya elektroni. Neno lililosema "kilichofungwa" likafanywa liseme "mpaji".

Kejeli ya historia ni kwamba vitu alivyovigundua Stock mwenyewe ndivyo vilivyokataa kuingia katika ufafanuzi huo. Chukua diborani, iliyo ndogo kuliko borani zote alizozitenga, yenye boroni 2 na haidrojeni 6. Atomu 8 zikiungwa kwa mnyororo wa kawaida zahitaji vifungo 7, yaani elektroni 14. Diborani inazo 12. Kwa hesabu ya Lewis haistahili kuwapo, ilhali ipo, na huwaka mbele ya macho ya mtu. Wataalamu wakaziita kampaundi hizi "pungufu wa elektroni", na jina hilo limeng'ang'ania mpaka sasa.

Mwaka 1943 Christopher Longuet-Higgins, akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza Oxford, pamoja na mwalimu wake Ronald Bell, alichapisha hoja kwamba haidrojeni 2 kati ya zile 6 zimekaa kama madaraja baina ya boroni mbili. Wazo la daraja lilikuwa limewahi kutajwa kabla yao bila ya kusikilizwa. Vipimo vya mwishoni mwa miaka ya 1940, na vile vya Hedberg na Schomaker vya mwaka 1951, vikathibitisha. Kisha William Lipscomb wa Marekani na wenziwe wakaonyesha, mwaka 1954, kwamba jozi moja ya elektroni yaweza kuzifunga atomu 3 kwa pamoja. Naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kumbe hapakuwa na upungufu wowote. Diborani inazo elektroni zote inazohitaji. Kilichopungua kilikuwa kanuni ya wahesabuji. Jina "pungufu" linamtuhumu asiye na hatia, na sioni kwa nini Kiswahili kilitafsiri bila ya kuuliza.

Linganisha na majina mengine yaliyotoka katika kemia hiihii. Borani kubwa zina maumbo ya vishada, boroni zikiwa zimekaa kwenye pembe za umbo lenye nyuso nyingi. Zile zilizofungika pande zote huitwa closo, kutokana na neno la kale lenye maana ya kizimba, ingawa wengi husikia ndani yake kitenzi cha Kiingereza cha kufunga. Zilizopungukiwa pembe moja huitwa nido, kiota. Zilizopungukiwa mbili, arachno, utando wa buibui. Frederick Hawthorne, ambaye pamoja na Pitochelli alitengeneza mwaka 1960 kile kishada maarufu cha boroni 12, alipopata kipande cha kishada chenye mdomo wazi mwaka 1965 alikiita kwa neno lililochukuliwa kutoka Kihispania olla, chungu, kwa kuwa metali hukaa mdomoni mwake kama kifuniko. Mwaka 1971 Kenneth Wade wa Durham alitoa kanuni inayohusisha hesabu ya elektroni na umbo la kishada. Nadharia ilibadilika kabisa mikononi mwake, lakini kiota kilibaki kiota na chungu kikabaki chungu. Majina hayo hayakuwa yameahidi sababu yoyote.

Sasa twende kwenye rodiamu. William Wollaston aliitenga kutoka katika mawe ya platini na kuitangaza London mwaka 1804, akaipa jina kwa Kigiriki cha waridi kwa sababu ya rangi ya chumvi zake. Siku hizi sehemu iliyo kubwa mno ya rodiamu ya dunia huchimbwa Afrika ya Kusini. Mwaka 1965 Geoffrey Wilkinson na wanafunzi wake huko London walitengeneza kampaundi ya rodiamu yenye klorini moja na fosfini tatu, ambayo huweza kuwa kichocheo cha kuongeza haidrojeni kwenye kampaundi za kaboni katika joto la kawaida la chumba. Fosfini ni kampaundi ya fosforasi yenye jozi moja ya elektroni isiyotumika. Kama kuna kitu kinachostahili kuitwa mpaji, ni fosfini. Kwa miaka mingi kichocheo cha Wilkinson kimekuwa mfano wa darasani: rodiamu katikati, fosfini zinatoa.

Je, fosfini ikishampa mwingine jozi yake? Tangu mwaka 1940 ilijulikana kwamba fosfini ikikutana na diborani huipa boroni ile jozi yake, zikawa kitu kimoja kiitwacho fosfini-borani. Boroni imeridhika, fosfini haina tena cha kutoa. Kitu hicho kilikuwa kimya kiasi kwamba kuanzia miaka ya 1980 Tsuneo Imamoto wa Japani alikitumia kama ala ya kulindia upanga: fosfini zinazoharibiwa na hewa zilifunikwa kwa borani, zikafanyiwa kazi zote za kuzijenga, kisha borani ikavuliwa mwishoni na fosfini ikapewa rodiamu. Kwa ufafanuzi wa Sidgwick, borani ilikuwa kifuniko na fosfini-borani haikuwa liganda hata kidogo. Ilikuwa ni liganda iliyozibwa kinywa.

Mwaka 1999 wanakemia wa Japani, Mamoru Shimoi na wenziwe, walionyesha kwamba borani iliyokwisha kufungwa na fosfini huweza kushikamana na kromi, molibdeni au tungisteni, ikiwa bado imefunikwa vilevile. Haikutumia jozi iliyokaa bure, kwani hakuna. Ilitumia kifungo kilekile cha boroni na haidrojeni, ambacho kiliegemea metali bila ya kuvunjika, na jozi moja ikazishika atomu tatu kama katika diborani. Katika mwaka huohuo Ian Manners na wenziwe huko Toronto walitangaza kwamba rodiamu huweza kuziondoa haidrojeni katika fosfini-borani na kuziunganisha kuwa minyororo mirefu ya fosforasi na boroni. Baadaye Andrew Weller na wenziwe huko Uingereza waliitenga hatua ambayo ilikuwa ikidhaniwa tu: rodiamu yenye fosfini mbili, na fosfini-borani imeshikamana nayo kwa haidrojeni za boroni. Ndani ya kampaundi moja fosfini mbili zinaishika metali kama Sidgwick alivyosema, na ya tatu, iliyozibwa kinywa, inaishika kwa njia ya Stock.

Wataalamu hawakuona haja ya kubuni neno jipya. Liganda ilifaa, kwa kuwa haikuwa imewahi kusema zaidi ya "kilichofungwa". Waliolazimika kusahihishwa ni waandishi wa fasili.

Ndipo ninapofika kwetu. Nimewahi kusikia katika mijadala ya istilahi pendekezo la kuacha ukopaji na kusema kipaji elektroni au mpaji. Pendekezo hilo lina sifa ya kueleweka mara moja; lakini lingetufunga katika fasili ya miaka ya 1920, na mwalimu angelazimika kuwaambia wanafunzi kwamba kuna wapaji wasiotoa. Mzizi -fung- unaonekana bora zaidi, kwani ndio tafsiri ya ligare. Hata hivyo Kiswahili hakiruhusu ule ukimya wa Kilatini cha Stock. Kifunga ni mtendaji, kifungwa ni mtendwa, na kila kimoja kinatoa hukumu. Kiambata kinasalimika na tatizo hilo, ila kinamfanya mmoja kuwa mkubwa na mwingine mfuasi. Mimi huelekea kwenye kauli ya kutendana, kifungamani, kwa sababu -fungamana haiulizi ni nani aliyeanza. Na maadamu haijazoeleka, ninaendelea kuandika liganda katika makala haya na kuwaachia wenzangu wabishe.

Watakaobisha wanayo hoja moja nzito ambayo sina jibu lake. Mwaka 1974 Paxson na Hawthorne walichukua kampaundi ya Wilkinson wakaikutanisha na kile chungu cha boroni na kaboni. Rodiamu, ikiwa na fosfini mbili na haidrojeni moja, ilikaa mdomoni na kukikamilisha kishada kiwe na pembe 12. Kampaundi hiyo nayo ni kichocheo, na katika miaka ya 1980 ilionekana kwamba kampaundi za jamii hiyo huweza kubadilika zenyewe ndani ya kimiminika: mara rodiamu imo ndani ya ukuta wa kishada, mara imetoka na kuning'inia nje, ikishikwa na haidrojeni za boroni. Ikiwa nje, kishada chote ni liganda yake. Ikiwa ndani, kwa kanuni ya Wade rodiamu ni pembe moja sawa na nyingine 11, na hapo kuuliza ni ipi iliyo katikati na ni ipi iliyofungamana nayo ni kuuliza ni jiwe gani la ukuta linalobeba mengine.